Skrubu za Shangazi

Shangazi alipotolewa plasta aliyofungwa baada ya kuvunjika, mkono wake wa kulia ulikuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Yeye ni fundi wa malori. Mkuu wa gereji alikuwa amemwambia waziwazi: Jumatatu atampa giaboksi aifunge peke yake. Akishindwa, atahamia kaunta ya vipuri, auze skrubu badala ya kuzikaza.

Daktari alimpa mpira wa kuminya. Aliuminya mara mbili, akautupa kwenye kapu la nguo chafu. Ndipo nikamnunulia gari la kuchezea la rimoti, la kuunganisha mwenyewe, lile la wanaoanza.

"Nimeshusha injini za malori," alisema akilitazama boksi, "halafu wewe mwanangu unaniletea gari la kubeba mende?"

"Lina skrubu nyingi, Shangazi."

"Hata mende wanastahili usafiri. Lete bisibisi."

Tulifanyia kazi sebuleni, juu ya shuka jeupe ili skrubu zisipotee. Nilikuwa nimenunua na beringi ndogo za chuma, tuziweke badala ya pete za plastiki zilizokuja na gari, maana kwa beringi magurudumu huzunguka mepesi zaidi. Shangazi alizipenda. Alizipaka grisi aliyotoka nayo gereji, akazisukumia mahali pake, akakaza kila kitu huku ameuma meno. Sikupenda kumwingilia. Mimi kusema "samahani" tu dukani hunichukua muda, sembuse kumkosoa fundi.

Tukaweka betri. Gari lilisogea kidogo kwenye korido, likaguna, likasimama. Mota ilitoa harufu ya moto.

Nililifungua. Grisi ya lori ilikuwa nzito mno kwa vigurudumu vile, vilikwama kama vimezama kwenye ugali. Lakini hilo lilikuwa dogo. Skrubu mbili zilikuwa zimekazwa hadi zikala plastiki, sasa zilizunguka tu ndani ya matundu bila kushika.

Shangazi alizigusa moja baada ya nyingine.

"Ni plastiki, Shangazi," nilisema. "Inaharibika upesi."

"Usinipoze." Aliviangalia vidole vyake. "Siku zote mkono huniambia basi, inatosha. Leo haukuniambia kitu. Ingekuwa giaboksi, ningekata bolti."

Nilitamani kumkumbatia, ila nilijua angenifukuza sebuleni. Badala yake nikachukua kipande cha fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kung'oa vipande vya gari, nikakikata vijiti vyembamba. Tulivitia gundi, tukaziba navyo yale matundu. Wakati vinakauka, alifuta grisi yote kwa kitambaa, akaweka tone moja la mafuta mepesi kila beringi.

Kisha akaanza upya. Mkono wa kushoto ulikuwa unakimbilia kusaidia, akaukalia.

"Huyo ana kiherehere," alisema. "Akae huko huko."

Alikuwa akikaza robo mzunguko, anaacha, anazungusha gurudumu kwa kidole, tunasikiliza. Likisimama haraka, anarudisha nyuma kidogo. Jasho lilimtiririka juu ya pua. Bisibisi ilimponyoka, akaiokota. Ikamponyoka tena. Nilinyoosha mkono.

"Thubutu," alisema bila kuinua macho.

Kwenye gurudumu la tatu aliacha kukaza ghafla, bisibisi ikiwa bado ndani ya skrubu. Akafumba macho, akarudisha, akakaza tena, akakomea palepale.

"Hapa," alisema, akionyesha nyama ya chini ya kidole gumba. "Zamani ile 'basi, inatosha' ilikuwa inanijia kwenye ncha za vidole. Imehamia hapa. Imehama bila kuaga, mshenzi."

La nne alilikaza huku amefumba macho. Nililizungusha. Lilienda, likaenda, hata nikachoka kulisubiri lisimame.

Safari hii gari liliruka kutoka sebuleni, likapita korido nzima na kugonga mlango wa bafu. Baba alitoka na povu kichwani kuuliza nani anabisha.

"Mende wako," Shangazi alimjibu kaka yake.

Mimi nilicheka, nikageuza gari lirudi. Nilidhani ataomba rimoti. Alilidaka lilipofika, akatoa betri, akalipindua na kuanza kulegeza skrubu ya kwanza.

"Shangazi, si linakimbia?"

"Linakimbia, ndiyo. Lakini nimepatia magurudumu mawili tu, yale ya kwanza nilibahatisha." Akanisukumia kibakuli cha skrubu. "Shika hapo. Tunafungua lote, na safari hii nafunga nikiwa nimefumba macho toka mwanzo."