Chafya Tatu kwa Bwana Karani

Mwaka 1957, mafua makubwa yalipofika Nyamwaga, Bwana Karani Filemoni alijifungia ndani. Mimi Kezia, mpishi wake, nikafungiwa nje. Niende mtoni, niende sokoni kwenye makumi ya watu wanaokohoa, nipike uani, kisha sahani niiweke dirishani na kurudi nyuma hatua kumi. Alijikinga kwa pua yangu.

Nami nilikuwa na Efrazia wa miezi mitano, bado ananyonya. Kuogopa niliogopa, sifichi. Niliomba ruhusa nikae nyumbani mpaka ugonjwa upite, Bwana Karani akaniuliza kama nataka afe njaa.

Sasa, tangazo la serikali lilikuja kwa Kiingereza, na aliyelitafsiri barazani ni yeye. Kwa kuwa alipenda mno tarakimu, akaongeza zake: apigaye chafya tatu mfululizo anao ugonjwa, akae kwake siku saba, akishapona haugui tena. Nyamwaga nzima tukawa tunahesabiana chafya.

Nikachota ugoro wa mama mkwe. Asubuhi, nimeshika sahani chini ya dirisha, nikavuta. Nilikusudia tatu. Zikaja tisa, na ya mwisho ikaangusha yai. Bwana Karani akabamiza dirisha na kuniamuru niende kwangu upesi.

Siku saba nilikaa na mwanangu, nikanawiri. Yeye ikabidi ashike ndoo aende mtoni mwenyewe, abanane na sisi wengine. Mafua yakampata huko huko.

Siku ya nane akatuma mtu: Kezia aje kuniuguza, maana ameshaugua, hayampati tena. Majirani wakasema nina bahati.

Nilimwacha Efrazia kwa bibi yake, nikabeba bakuli la uji, nikasimama mlangoni. Bwana Karani alikuwa amejikunyata kitandani, macho mekundu, anatetemeka. Nilimhurumia kweli. Lakini maziwa yalikuwa yameanza kulowesha gauni langu, na miguu ikakataa kuvuka kizingiti.

“Bwana Karani,” nikasema, “mimi sijaugua. Nilinusa ugoro.”

Akakohoa, akafuta mdomo.

“Nani mwingine anajua?”

“Wewe tu.”

“Basi ingia.”

Nikaweka uji kizingitini, nikaenda kumnyonyesha mwanangu.