Vinundu vya Mvinje

Mzee Saverio Obita alikuwa polisi tangu ujana mpaka pensheni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mti unaolelewa ili usikue. Mtoto asiyekua anapelekwa hospitali. Mbuzi asiyekua anauzwa haraka kabla majirani hawajamcheka. Lakini huyu mjukuu wake Aloyo, msichana mwenye akili zake timamu kabisa, aliagiza mbegu kutoka Australia, vitu vidogo kama chawa wenye mabawa, akaziotesha pale kibarazani kwa babu yake, mtaa wa Naguru, na zilipoota akasema zitakaa kwenye sahani mpaka zizeeke.

"Zizeeke zikiwa ndogo?" Mzee aliuliza.

"Eeh, Kwara." Kwara ndiye babu, kwa wao Waacholi. "Inaitwa bonsai. Ukiangalia unaona mti mkubwa, mzee, umepigwa na upepo. Lakini unaubeba kwa mkono mmoja."

"Na kivuli?"

"Kivuli cha sisimizi."

Mzee akacheka, lakini hakuelewa. Hata majani yake hayakueleweka. Ulivuta jani moja likakatika pingili, ukavuta tena pingili nyingine, kama eriali ya redio. Jirani yao aliyeitwa Hindu, mama yake Rafiq, mwenye kuuza chai na mandazi pale getini, ndiye aliyeutambua. Wazee wake walitoka pwani zamani za biashara.

"Huu mvinje, Afande," alisema. "Bibi yangu alikuwa akiutaja. Unalia kama mtu ukipigwa na upepo."

"Huu wa kwangu hauna hata mdomo wa kulilia."

Na udongo nao! Aloyo alikwenda mpaka Wandegeya na gunia, akachimba udongo chini ya mvinje mmoja mkubwa, akarudi nao kwa bodaboda amekumbatia gunia kama mtoto. Mzee akabaki anajiuliza: kwani Naguru hakuna udongo?

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kabla ya hapo, Mzee alikuwa amewasha sigiri ya makaa apike maharage, halafu akatoka kidogo tu kwenda kuangalia mpira. Kidogo hicho kikawa mpira mzima na maneno ya baada ya mpira. Nyumba ikajaa moshi, majirani wakavunja mlango. Mwanawe Oola, baba yake Aloyo, akaita kikao.

"Mzee arudi kwao Kitgum," Oola alisema. "Hapa peke yake atatuunguzia mtaa."

Kitgum kuna ndugu, kuna kiti, basi. Mzee alijua wazee wanaokaa kwenye kiti namna hiyo. Wanakaa mpaka wanafanana nacho.

Aloyo ndiye aliyemtetea. Kazi ilikuwa inampeleka Karamoja. "Nitamwachia miti yangu," alimwambia baba yake. "Nikirudi nikikuta mizima, hakuna mtu kumpeleka popote. Nikikuta imekufa, Baba, mpeleke wewe mwenyewe."

Basi miche ikawa shahidi wa Mzee. Aloyo alimpa amri chache: imwagilie asubuhi, na mizizi ikitokeza chini, hamishia kwenye kopo kubwa kidogo. Kwaheri.

Mzee aliilinda kama alivyolinda ghala la silaha. Asubuhi aliikagua, aliisalimia, mmoja uliopinda mgongo akaugombeza, "Simama sawasawa wewe!" Mpaka ile siku mizizi ilipotokeza.

Akachomoa mche wa kwanza ili auhamishe. Akashtuka. Mizizi ilikuwa na vinundu, vimeshikana kama maharage yaliyogandiana. Akachomoa wa pili, vinundu. Wa tatu, vinundu.

Hapo Mzee hakuhitaji kuuliza mtu. Zamani nyuma ya kambi alilima nyanya, na nyanya zikishikwa na minyoo mizizi inavimba vilevile. Kosa lake wakati ule lilikuwa kungoja. Alingoja, shamba lote likaisha. Safari hii hakungoja. Alileta beseni karibu na tangi la maji, akaosha mizizi, akakata vinundu vyote kwa kisu cha kunyolea, kimoja kimoja, akavitupa motoni. Udongo wa Wandegeya nao akaumwaga kwenye shimo la takataka, akaweka mchanga safi aliouchekecha.

"Afande, chai inapoa!" Hindu alimwita kutoka getini. "Unaosha miti kama unaosha maiti?"

"Naiponya, Mama Rafiq. Iko na ugonjwa mbaya."

Akaenda kunywa chai. Na chai ya Hindu ina maneno mengi. Aliporudi alikusanya makopo, akajisikia daktari.

Haukupita muda mrefu, miche ikaanza kuwa njano.

Mzee akachanganyikiwa. Au nimesahau kuipa maji? Akamwagilia. Au nilikwisha mwagilia, na hii ni mara ya pili? Akagusa mchanga, ulikuwa na unyevu, lakini ni wa leo au wa jana? Akamuuliza Hindu, "Asubuhi uliniona na jagi?" Hindu akasema alimuona. "Leo au jana?" Hindu akamtazama, na Mzee hakulipenda lile jicho.

Ndipo alipokwenda kutafuta fagio nyuma ya tangi la maji, akakuta kopo. Mche mmoja ulikuwa umebaki pale tangu siku ya beseni. Aliusahau; matone ya tangi ndiyo yaliyounywesha. Hakuukata vinundu, hakuubadilisha udongo. Vinundu vingine vilionekana kwenye tundu la chini.

Ulikuwa wa kijani! Kijani kama sare mpya.

Mzee akakaa chini kabisa. Wagonjwa aliowatibu wanakufa. Mgonjwa aliyemsahau ananenepa. Akaugeuza huku na huku. Akili ikamwambia, huu ndio unaoambukiza wenzake, uchome. Akawasha hata kiberiti. Lakini mkono ulikataa. Unachomaje kitu kizuri namna ile? Akaurudisha nyuma ya tangi, kifungo cha peke yake, akazima kiberiti na kukikanyaga mara mbili, maana moto sasa alikuwa anauogopa.

"Mpigie Aloyo," Hindu alimshauri.

"Nikipiga simu ni kama nimejipeleka Kitgum mwenyewe."

"Basi nenda kwenye vitalu vya barabarani, nunua mingine, panga hapo. Nani atajua?"

"Mama Rafiq! Mimi nilikuwa polisi."

"Ndiyo maana nakwambia."

Wakacheka wote wawili, lakini Mzee usingizi ulikuwa umekwisha kumhama.

Aloyo alirudi pamoja na Oola. Oola alitazama ile njano kibarazani. Akaingia ndani, akatoka na begi la Mzee.

"Ngoja, Baba." Aloyo alichuchumaa, akatia kidole kwenye mchanga. "Kwara, udongo wangu uko wapi?"

Mzee alisimama wima kama yuko mbele ya kamanda. "Niliutupa. Mizizi ilikuwa na vinundu. Nilikata, nikachoma. Yote. Nilifikiri ni minyoo, kama nyanya."

Aloyo akafunika uso kwa mikono. "Vile si ugonjwa, Kwara. Mvinje unapikia chakula chake mle. Vinatoka kwenye udongo wa mvinje mkubwa. Ndiyo maana nilibeba gunia lile lote."

Oola akafunga zipu ya begi.

"Yote kabisa?" Aloyo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yote. Ila mmoja." Mzee alitazama miguu yake. Neno hili ndilo aliloliogopa kuliko yote, kulisema mbele ya Oola. "Huo niliusahau nyuma ya tangi."

Aloyo alikwisha kimbia. Alirudi na kopo, anacheka huku machozi yanamtoka. Akachomoa mche, akachukua vinundu vichache tu, akavisaga kwenye kinu cha karanga, akavikoroga na maji ya mvua. Yakawa maji machafu, ya kahawia.

"Hii mingine bado mizizi iko hai. Itapona." Akamwambia baba yake, "Rudisha begi ndani."

"Lakini alisahau!" Oola alisema. "Si mmesikia? Mwenyewe amesema alisahau!"

"Nimesikia. Begi, Baba."

Oola alitazama kopo, akamtazama mzee wake, akarudi ndani na begi akinung'unika.

Aloyo akampa Mzee kikombe cha maji yale. Mzee alikishika kwa mikono miwili, akanusa.

"Yaani hao wazima niliowatibu niwape vinundu vya mgonjwa?"

"Hao ndio wagonjwa, Kwara."

"Na mgonjwa?"

"Ndiye mzima."

Mzee alifikiri kidogo, akaacha. Akaanza na ule uliopinda mgongo, akamimina polepole.

"Mama Rafiq!" aliita kuelekea getini. "Njoo unione nikimwagilia. Halafu kesho uniambie ilikuwa leo."