Saruji ya Nguruwe

Saruji ilikuwa imemla Felisa vidole. Ncha zake zililainika kwanza, kama za mtu aliyeshinda kufua, kisha zikapasuka, na kila alipoinua mwiko jasho liliteremka hadi kwenye nyufa zile na kumchoma. Hakuacha. Jua lilikuwa linaikausha lipu upesi kuliko mkono wake, na ikikauka kabla hajaisawazisha ingebaki na mawimbi. Alitaka meza ambayo sufuria ikikaa, inatulia.

"Unapiga lipu au unampaka mtoto mafuta?" jirani yake, Pacing, alimuuliza kutoka upande wa pili, akikoroga mchanga na saruji kwa jembe.

"Ngoja tufike kwako. Kwako nitapiga kama mlevi."

"Kwangu utapiga vizuri zaidi, la sivyo sikupi maji ya kunywa."

Wanawake wawili waliokuwa wakibeba mchanga kutoka mtoni walicheka bila kusimama. Kila mtu pale alijua zamu. Likimalizika jiko la Felisa, linafuata la Pacing, ambaye matofali yake yalikuwa tayari, yamefunikwa magunia nyuma ya nyumba yake. Walikuwa wameyafyatua pamoja katika msimu mfu, miezi ile ambayo kiwanda cha sukari kimenyamaza, miwa bado michanga, na hakuna mtu anayeitwa kazini. Kalibu ya mbao ya kufyatulia waliiazima parokiani. Saruji ilikuja mfuko mmojammoja, kwa kufua nguo za watu mjini.

Jiko lilikuwa limebakiza paa tu. Ukuta wa nyuma ulifika juu kabisa. Wa pembeni uliishia kifuani, kati ya nguzo za zege, ili hewa ipite, maana kupikia ndani katika joto lile ni kujichemsha mwenyewe. Meza ndefu ilishikana na ukuta wa nyuma, na chini yake kulikuwa na matundu matatu ya moto. Sakafu ya zege iliinama kidogo kuelekea nje, maji yasituame. Felisa ndiye aliyeamua mwinamo huo. Alikuwa amemwaga kopo la maji na kuyatazama yanavyokwenda, akarekebisha, akamwaga tena.

Mama mkwe wake, Bibi Consing, alikaa mlangoni mwa nyumba ya mianzi akiwatazama, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani. Ulikuwa haukunjuki. Mwaka uliopita moto uliruka kutoka mafigani, ukashika makuti ya jiko la zamani, na yeye ndiye aliyeyang'oa kwa mikono ili nyumba isiteketee.

Pikipiki ya nyapara wa Senyora, mwenye shamba, ilisikika kabla haijaonekana. Mazungumzo yakakatika.

Nemesio aliiegemeza pikipiki kwenye mgomba, akavua kofia, akajipepea. Alikuwa amezaliwa katika safu hiyohiyo ya nyumba za wakata miwa, na bado aliwaita wazee kwa majina ya utani ya utotoni mwake. Watu walimwogopa zaidi kwa sababu hiyo. Alijua kila mtu anaumia wapi.

"Inday Felisa," alisema, kama mtu anayemwita dada mdogo. "Naona mnajenga mji."

"Kazi ndogo tu, bwana."

"Ndogo." Aliusukuma ukuta kwa ncha ya kiatu, taratibu. "Mwinamo mzuri huu. Nani fundi?"

"Sisi wenyewe."

"Ndiyo maana nawapenda. Lakini kanuni unaijua. Mianzi, makuti, mbao. Mkitaka ghorofa ya mianzi, jengeni, nitakuja kuwazindulia. Makuti hayana kesi, Inday. Saruji ina kesi. Leo unapika hapa, kesho unazeekea hapa, keshokutwa mjukuu wako anasimama mbele ya hakimu anasema, bibi yangu alijenga, basi hapa ni kwetu."

Mmoja wa wanawake alishusha ndoo ya mchanga polepole, kama vile sauti ya ndoo nayo ingehesabiwa kuwa kosa.

"Kule ng'ambo ya reli kulikuwa na mtu wa namna hiyo. Unamkumbuka?"

Felisa alimkumbuka. Trekta la shamba lilifika mchana, likaibomoa nyumba yake, wali ukiwa bado jikoni.

"Kwa hiyo nisaidie. Senyora ataniuliza, na mimi sipendi kumdanganya. Hiki ni nini?"

Majibu alikuwa nayo. Alikuwa ameyapanga tangu siku ya tofali la kwanza, akiyasema moyoni huku akifua nguo za watu. Angesema moto. Angemwomba mama mkwe asimame auonyeshe mkono wake. Angesema kwamba familia yao imekata miwa ya shamba hili tangu enzi za babu wa mumewe, Abundio, na kwamba hawaombi ardhi, wanaombea sufuria mahali pa kukaa. Alifungua mdomo ili aanzie kwenye moto.

"Banda la nguruwe, bwana," alisema.

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwa nyembamba, yenye adabu, tayari inatabasamu. Hakujua ilitoka wapi. Au alijua. Tangu homa ya nguruwe ilipopita na kufagia mazizi, Senyora alikuwa ameamuru nguruwe wake waliogawiwa wapangaji walale juu ya saruji, kwa ajili ya usafi. Nguruwe waliruhusiwa.

Nemesio aliacha kujipepea. Kisha akatabasamu pia.

"Banda. Na hii meza?"

"Ya kuwekea pumba."

"Na haya matundu ya chini?"

"Vihori, bwana."

"Vihori vitatu. Na meza. Kumbe nguruwe wako anakula mezani." Aligeukia wengine. "Mmesikia? Mwekeeni na kitambaa."

Walicheka, kwa sababu alikuwa anawangoja wacheke. Bibi Consing peke yake hakucheka. Felisa alicheka. Hilo ndilo lililomrudia baadaye zaidi kuliko neno lenyewe: kwamba alicheka, na kwamba alicheka wa kwanza.

Pikipiki ilipoondoka, Pacing alikwangua saruji iliyobaki kwenye jembe, akalisuuza, akaliegemeza ukutani.

"Dada Pacing," Felisa alisema, "nilitaka kusema..."

"Nimesikia ulichosema." Sauti yake haikuwa na ukali. "Lipu yako inakauka."

Akaenda zake na ndoo yake.

Abundio alirudi jioni kutoka kuzibua mifereji, akasikiliza habari yote akiwa amesimama, matope yamemkaukia miguuni. Aliingia jikoni, akapapasa meza. Ilikuwa laini kama sahani.

"Ungesemaje wewe?" Felisa alimuuliza.

Alifikiri kweli, kwa uaminifu, kama alivyofanya mambo yake yote. "Ningesema hivyohivyo."

"Kweli?"

"Ningesema mapema zaidi. Pengine hata asingefika kwenye trekta."

Alitaka kumfariji. Felisa alitamani amtukane.

Wakaafikiana wangoje. Nyapara ana mambo mengi, atasahau. Mavuno yakianza wataezeka makuti, watawasha moto kidogo upande wa nyuma, kisha siku hadi siku jiko litakuwa jiko bila mtu kutangaza.

Jumamosi lori la shamba lilisimama mbele ya nyumba. Walishuka seremala wa Senyora, mabati mapya yenye kung'aa hata macho yakauma, na nguruwe jike mwenye mimba, mweupe, mpana, akilalamika kwa safari.

"Senyora amefurahi," Nemesio alisema. "Ameniambia, hajawahi kuona mpangaji mwenye akili kama huyu. Na amesema nguruwe wa aina hii ngozi yake haipendi jua. Kwa hiyo mabati."

Abundio alivua kofia, akashukuru. Seremala alipiga misumari asubuhi nzima, akafunga mabati kwa nondo zilizotoka kwenye nguzo, akatengeneza na lango la mbao. Wavulana wa jirani walikuja kuangalia. Hakuna nyumba ya mkata miwa katika safu ile iliyokuwa na bati zima; ya Felisa ilivuja pembe mbili, na huko walizoea kuhamisha mikeka.

"Moshi usimfikie," Nemesio alisema akiondoka. "Mnapopika, pikeni mbali kidogo. Akipoteza hata mtoto mmoja, Inday, tutaulizana wewe na mimi."

Basi Felisa akarudi kwenye mafiga matatu, uwanjani, chini ya gunia lililofungwa kwenye vijiti. Mvua za habagat, upepo wa kusini-magharibi, zilikuwa zimeanza. Moto uliwaka nusu saa, ukazimwa. Wali ukatoka na kiini kigumu, mchuzi wa mlonge ukanywewa vuguvugu na harufu ya kuni mbichi. Bibi Consing alitafuna polepole, upande wenye meno. Mara mbili kwa siku Felisa aliingia jikoni na ndoo na ufagio, akaosha sakafu. Maji yalikimbilia nje vizuri. Yalichukua kinyesi chote, hayakuacha hata dimbwi moja, na kila mara alijikuta anafurahia kazi yake, kisha uso ukamwaka.

Jumapili moja, baada ya misa katika kanisa dogo la shamba, Nemesio aliwazuia watu mlangoni. Alisema Senyora amependezwa na mfano wa Felisa. Alisema amesikia wapo wengine waliofyatua matofali, jambo zuri sana, na kwamba matofali hayo yote yajengewe mabanda kabla ya mavuno, nguruwe wapo njiani. Mwenye matofali asiyetaka nguruwe aje aeleze alikuwa anayataka ya nini.

"Tumpigie makofi Inday Felisa," alisema.

Wakapiga. Pacing alipiga pia, viganja bapa, akimtazama Felisa usoni bila kupepesa, kama mtu anayeua mbu. Felisa aliinama kidogo. Kichwa kilikwenda chenyewe. Siku zile zote alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Pacing kwa kuzunguka nyuma ya migomba. Kuanzia Jumapili ile alizunguka mbali zaidi, kupitia mtoni.

Nguruwe alizaa siku moja kabla ya kimbunga.

Kilifika asubuhi, na saa za mchana mwanga ulikuwa kama wa magharibi. Miwa ililala yote upande mmoja. Nyumba ya mianzi iliyumba, ikarudi, ikayumba, kisha paa likainuka kama kifuniko cha chungu na halikurudi. Abundio akambeba mama yake mgongoni. Felisa alichukua mchele na blanketi. Hakukuwa na haja ya kuulizana wapi. Katika safu nzima palikuwa na ukuta mmoja tu uliosimama bila kutikisika.

Waliingia wakajibana chini, kando ya meza. Nguruwe alikuwa amelala ubavu karibu na matundu ya moto, watoto wamejipanga kwenye chuchu zake, wekundu, wakisukumana. Alikoroma mara moja, akawaacha watu wakae. Kulikuwa kukavu. Kulikuwa na joto. Bibi Consing aliegemeza kichwa ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya nyapara akamsemesha mkwewe kuhusu jiko.

"Umejenga vizuri, mwanangu," alisema.

Felisa alishindwa kumtazama.

Upepo uliling'oa lango likapotea. Muda si mrefu, mtu alitokea kwenye uwazi huo, amevaa koti la mvua, anahema. Alikuwa Nemesio. Alikuwa ametembea; pikipiki isingewezekana. Hakuwasalimu. Alipiga magoti, akawahesabu watoto wa nguruwe kwa kidole, akawahesabu tena.

"Wapo wote," alisema, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo Felisa hakuwahi kuiona. Alikuwa anaogopa. Maji yalimtoka kwenye kidevu. "Wapo wote, asante Mungu. Abundio, sogeza mguu, utamkanyaga huyo. Mama naye ajivute, asiwazibie joto."

Abundio akasogeza mguu. Bibi Consing akajivuta.

"Lango liko wapi?"

"Limechukuliwa, bwana."

"Upepo unawapiga. Hawa wa jana wakipigwa upepo hawafiki kesho." Alitazama huku na huku. Mbao hazikuwepo, gunia halikuwepo. Macho yake yakatua kwa Felisa, yakampima mabega. "Inday, hebu simama hapo. Simama mlangoni uzibe."

"Bwana?"

"Kidogo tu, upepo ugeuke. Mimi nina kifua."

Felisa alimtazama mume wake. Abundio alikuwa anaitazama sakafu, mahali ambapo maji yaliyopenya yalikuwa yakitoka taratibu kama yalivyoagizwa.

Akasimama. Aliingia kwenye uwazi, mgongo ndani, uso nje, viganja vimeshika nguzo mbili alizozimwagia zege mwenyewe. Mvua ilimpiga kifuani kama kokoto. Nyuma yake alisikia watoto wa nguruwe wakitulia.

"Hapohapo," Nemesio alisema. "Usiinue mkono."

Alifumba macho, na alipoyafumbua aliona watu wanakuja kutoka upande wa migomba, wameshikana, wakiinama na kuinuka kwa upepo. Mbele alikuwa Pacing, mtoto mmoja mgongoni, mmoja ubavuni, shuka limemnata kichwani. Nyuma yao safu ya nyumba haikuwepo tena.

Pacing alifika, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha pumzi zao kukutana. Alichungulia juu ya bega la Felisa, akauona ukavu uliokuwa ndani, akamwona nyapara, akamwona nguruwe. Mtoto wa mgongoni alikuwa na midomo ya buluu.

"Nani huyo?" Nemesio aliuliza kutoka ndani. "Inday, hapa pamejaa. Usitoke hapo."

Pacing hakuomba. Alimtazama tu Felisa, akingoja, maji yakimchuruzika kwenye kope, na Felisa alisimama katikati ya mlango, mikono imetanda, vidole vimeng'ang'ania zege.