Wiki ya Sahani Safi

Maabara nzima walimwita Bi Sahani, na jina hilo halikumkera hata kidogo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipika chakula cha bakteria, na akikuambia kwamba hakuna anayekipika kama yeye, bora ukubali yaishe, maana ubishi wake ulikuwa wa kufa mtu. Mdogo wake wa kiume alizoea kumtania mbele ya wageni: "Kwa dada yangu wadudu wanakula na kushiba. Sisi ndugu zake anatupikia mboga zisizo na chumvi."

Kazi yenyewe si mchezo. Unga unaogandisha maji kama jeli huchemshwa, ukatiwa kwenye mtungi wa mvuke kiuawe kila kilicho hai ndani yake, kisha ukaachwa upoe. Hapo ndipo wengi huharibu. Ukitia damu uji ungali moto, damu inaiva na kuwa ya kahawia. Ukichelewa, uji unashika mabonge. Bi Sahani hakuhitaji kipimajoto. Aliiweka chupa shavuni, akafumba macho, na joto lilipokuwa la kuvumilika bila kukunja uso, alitia damu ya kondoo, akazungusha taratibu isitoe povu, akamimina. Sahani arobaini, nyekundu, laini, za kupendeza macho. Uchafu wa mgonjwa hupakwa juu yake, sahani ikalala kwenye kabati la joto, na kesho yake asubuhi bakteria wenyewe wamejitokeza. Wale wabaya kuliko wote, wanaoua wanawake waliotoka kujifungua, huila ile damu na kuacha duara jeupe kila walipokaa.

Wiki hiyo halikuonekana duara hata moja.

Jumatatu hakuna, Jumanne hakuna. Watoto wenye makoo yaliyovimba, watu wenye vidonda vinavyonuka, wote sahani zao safi, isipokuwa vijidudu sugu vichache vilivyojikunyata pembeni. Kijana wa mezani kwa darubini alicheka akasema mji umepona, tufunge maabara tukalale. Bi Sahani naye alicheka. Ila Jumatano, alipofungua kabati na kukuta safu nzima inang'aa, alisimama pale mlango ukiwa wazi muda mrefu kuliko kawaida, na hakujua ni nini kilichomsimamisha.

Alhamisi ilifika zamu ya sahani ya wifi yake.

Wifi huyu, mke wa yule mdogo wake mtani, alikuwa amejifungua siku tano kabla, mtoto wa kwanza baada ya miaka tisa ya kungoja. Siku ya tatu akapandwa na homa. Daktari alimwanzishia sindano, akachukua sampuli kutoka kwenye njia ya uzazi, akaipeleka maabara. Bi Sahani aliipaka sahani kwa mkono wake mwenyewe, na Alhamisi akaitazama kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena. Safi. Aliandika "hakuna kilichoota", akatia sahihi, akapanda wodini kupeleka habari njema kabla hata karatasi haijafika.

"Wifi, umenipima mpaka huko," mgonjwa alimwambia, amejilaza na kichanga ubavuni. "Sasa mimi na wewe hatuna siri tena."

"Nilichokiona nakwenda nacho kaburini," alijibu Bi Sahani. "Huna kitu. Sahani yako safi kuliko kioo."

"Mbona tumbo bado linaniuma?"

"Umezaa, wifi. Ulitaka likuimbie?"

Walicheka wote, na mume mtu akacheka zaidi. Daktari alisoma majibu, akasimamisha sindano, akasema homa hiyo ni ya maziwa kujaa; kesho ataruhusiwa. Wakati wa kuaga, Bi Sahani aliushika mguu wa wifi yake juu ya shuka na kuhisi moto wake. Alihisi kabisa. Akajiambia kwamba mkono wake umetoka kwenye maji baridi.

Ijumaa saa mbili asubuhi akashuka bandani nyuma ya jengo, maana damu ilikuwa imekwisha. Mtunza kondoo, mzee waliyemwita Babu Sufu, alikuwa keshamnyoa mnyama shingo mahali pa sindano. Bi Sahani alishika chupa yake yenye shanga za kioo ndani, zile zinazozungushwa damu isigande, akachuchumaa.

"Leo amesimama vizuri," Babu Sufu alisema, akimkumbatia kondoo kichwa. "Jumamosi ile ulipomtoa damu roho yangu haikutulia. Sasa hata hachechemei."

"Alikuwa anachechemea?"

"Ukwato tu, ulianza kuoza. Bwana mifugo alimchoma sindano Ijumaa, akarudia Jumamosi asubuhi kabla hujashuka. Ile nyeupe, nzito kama maziwa."

Bi Sahani aliiweka chupa chini polepole. Alijua sindano nyeupe ni ipi. Ni ndugu wa ile aliyokuwa akichomwa wifi yake, na kazi yake ni moja, kuwaua wale wale aliokuwa akiwatafuta. Kwa wiki nzima alikuwa amewaandalia bakteria chakula chenye sumu yao ndani, halafu akashangaa hawali.

"Kwa nini hukuniambia, babu?"

"Ungemkataa. Yule wa kabla yake ulisema mgonjwa hatufai, na jioni wakampeleka machinjioni. Huyu nimemlea kwa chupa, binti yangu." Alisema bila aibu, mkono bado unapapasa masikio ya mnyama.

Kosa kubwa halikuwa la mzee. Kila mpiko wa sahani hujaribiwa mara mbili. Sahani tupu huachwa kabatini kuona kama itabaki safi, na nyingine hupakwa bakteria anayejulikana kuona kama ataota. Jaribio la kwanza alilifanya. La pili aliliacha, kwa sababu umeme ulikatika siku mbili na bakteria wake wa akiba wakafa kwenye friji, na barua ya kuomba wengine haikujibiwa. Hakutaka kusimamisha kazi. Tena ni nani angethubutu kuzitilia shaka sahani zake?

Sasa hapo alitakiwa akimbie. Kutoka bandani hadi wodini ni ngazi mbili tu, na mtu yeyote mwenye akili timamu angezipanda akihema na kusema: msimruhusu yule mama. Bi Sahani hakukimbia. Alimfikiria yule daktari kijana wa wodini, jinsi atakavyolisimulia jambo hili kwenye chumba cha chai. Alifikiria majibu thelathini na manane yenye sahihi yake. Akajiambia ahakikishe kwanza, daktari hapiti wodini kabla ya saa sita, muda upo. Aliogopa, na hofu ikavaa koti jeupe ikajiita umakini.

Kijiti cha sampuli ya wifi yake kilikuwa bado kwenye friji. Alikipaka juu ya kioo, akakipitisha kioo kwenye moto, akamwagia rangi ya zambarau, akaisuuza, akamwagia nyekundu. Mikono yake ilijua njia yenyewe. Darubini ilikuwa na mtu, akangoja. Muuguzi wa wodi nyingine alikuja kutaka majibu ya jana ya wagonjwa wake, akamwambia hayatoki, bila kusema kwa nini. Siku ya kwanza hakuitazama sampuli hii kwa darubini kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na sahani zake hazijawahi kumdanganya. Saa tano kasorobo akaweka jicho.

Walikuwapo. Vidoti vya zambarau, vimetungwa kama ushanga, nyuzi juu ya nyuzi, vimejaa kioo chote.

Safari hii alikimbia. Alipanda ngazi ameshika reli, na alipofika wodini alikuta kitanda kimevuliwa shuka, godoro la plastiki bado lina maji ya dawa ya kusafishia.

"Wameondoka tangu saa nne," muuguzi alisema. "Daktari leo aliwahi. Majibu si ulituletea mwenyewe?"

Simu ya mdogo wake iliita mara nyingi kabla haijapokewa. Kulikuwa na mngurumo wa gari, na nyuma yake kichanga kikilia.

"Dada! Umetukosa," alisema mdogo wake kwa furaha. "Tuko mbali sasa, jirani anatupeleka kwa gari lake. Nusu saa tu tunaingia nyumbani."

"Geuzeni gari. Mrudishe hospitali."

"Wewe nawe. Kuna nini?"

"Majibu yangu yalikuwa ya uongo. Anao ugonjwa, na dawa walimkatia kwa sababu yangu. Mrudishe sasa hivi."

"Lakini amepona, dada. Homa imeisha kabisa. Nimeshika mikono yake hapa, ya baridi, hata jasho lake la baridi. Amelala usingizi mzito, mtoto analia hamsikii."

Bi Sahani aliijua dalili hiyo. Mwili wa mtu mwenye ugonjwa ule ukipoa ghafla, haupoi kwa sababu umeshinda.

"Mwamshe," alisema.

"Mwache apumzike, hajalala siku tatu."

"Mwamshe, nimekwambia."

Alimsikia akimwita, kwanza kwa mzaha, kama mtu anayemwamsha mkewe wale chakula. Akamwita tena. Kisha akamwambia dereva asimamishe gari, mngurumo ukazima, na katika ukimya ule kichanga kilikuwa kikilia peke yake huku baba yake akiita mara ya tatu, ya nne, kwa sauti ambayo dada yake hakuwahi kuisikia tangu walipokuwa watoto.