Saa Iliyozoea Miili Miwili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtunza stoo wa hospitali alifunga kamba za raba, akavaa saa ya kukimbilia ya binti yake na kubonyeza kitufe. Saa ikapendekeza dakika thelathini na tano za mwendo mwepesi. Mama huyu alikuwa na miaka arobaini na tisa na hajawahi kukimbilia kitu zaidi ya basi. Alikimbia dakika thelathini na tano, hakuongeza hata moja. Kazi ya stoo ilimfundisha kwamba dozi ni dozi.

Alirudi nyumbani mkavu, hahemi. Ng'ambo ya mji, kocha wa shule ya binti alikuwa mezani anapaka mkate siagi, amelowa jasho mpaka soksi.

Saa haikuwa mbovu. Kocha mwenyewe ndiye aliyeizoesha. Mwaka uliopita, kila ilipomwandikia binti "Pumzika leo", kocha alimvua, akaivaa yeye na kuketi kwenye kiti chake cha plastiki akitafuna karanga, huku binti akizunguka uwanja mkono mtupu. Saa ilisoma moyo uliotulia, ikaamini binti amepumzika, kesho yake ikapanga mazoezi magumu zaidi. Kwa miezi minne ilichukua mapumziko ya kocha ikamwandikia binti. Kisha mfupa wa nyonga wa binti ukapasuka, kwenye kona ya tatu, mbele ya darasa zima.

Ripoti ya shule ilisema ameanguka bafuni kwao. Mama aliisoma mara mbili. Bafu lao lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu hana pa kuangukia.

Sasa saa ilichukua uchovu wa mama ikampelekea kocha. Daktari alimpima kocha, akamwambia ana moyo wa mkimbiaji, apunguze mazoezi.

"Sifanyi mazoezi, daktari."

"Wote husema hivyo."

Wiki ya tatu, Jumapili mchana, kocha alibisha hodi. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni kwa sababu hakuweza kufika kwenye kiti.

"Karibu, kocha. Pole na uchovu," mama alisema.

"Mama, jana ulipanda mlima?"

"Mara sita. Saa ilisema sita."

"Miguu yangu haishuki ngazi."

"Ya mwanangu haipandi."

Kocha alitazama magongo mawili yaliyoegemezwa ukutani, akatazama pembeni. "Unataka nini?"

"Andika upya ile ripoti. Bafu litoke, uwanja uingie, na wewe uingie."

"Nitafukuzwa kazi, mama."

"Basi wahi kulala."

Alipoondoka, akishika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea, binti alicheka kwenye kochi. Alikuwa hajacheka tangu mfupa upasuke.

"Mama, si ukimbie kilomita arobaini leo leo, tummalize?"

Mama aliitazama saa. Iliandika: Pumzika, saa arobaini na nane.

"Thubutu! Akivunjika atalazwa, apelekewe matunda na pole. Mimi namtaka mzima, na namtaka miaka." Akavua raba, akaziweka chini ya kitanda.

Akaendelea hivyo, siku ngumu, siku nyepesi, siku ya kukaa. Ripoti ilibaki kwenye faili. Kocha alikonda, akatoboa mkanda tundu jipya, na mwalimu mkuu akamsimamisha mbele ya wazazi kama mfano wa mtu anayejitunza. Wazazi wakampigia makofi. Mama naye alipiga, taratibu.

Muhula mpya, mama alipita mbio nje ya uzio wa shule. Kocha alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anahema, amevaa saa ya msichana mwingine. Saa hiyo ilisoma moyo wake, ikaandika: Pumzika. Jana yake pia ilikuwa imeandika pumzika, na juzi yake. Kocha akaivua, akaitumbukiza mfukoni.

"Ongeza mizunguko minne!" akapaza sauti. Msichana akaongeza.

Mama aliandika barua kwa mwalimu mkuu. Alijibiwa kwa nakala ya ripoti ya bafuni.

Jioni ile saa yake iliandika: Umepona kabisa. Kesho mlima, mara kumi.

Binti aliyasogeza magongo, akainama kwa shida, akamtolea mama raba chini ya kitanda.

"Kumi tu?" aliuliza.

"Kumi tu," mama alisema.