Pampu Ilikuwa Mkobani Mwangu

Mama mwenzangu, kama una mtoto mwenye pumu na unafikiria kutembea naye safari ya mbali, soma haya kabla hujafunga mizigo.

Likizo iliyopita nilitembea na wanangu wawili njia ya matarishi, ile waliyopita wapeleka barua zamani, kabla magari hayajafika. Ni mwendo wa siku nne, na kila baada ya kipande kuna jiwe lililochongwa namba. Binti yangu ana miaka kumi na sita, tunamwita Wakili kwa sababu haachi neno lipite bila kulijibu. Mdogo wake wa kiume ana kumi na mitatu, naye ni Betri, maana anakwenda kwa kasi halafu chaji inaisha ghafla. Kinachoisha ni pumzi.

Asubuhi ya siku ya tatu Wakili aliniambia nimwache mdogo wake abebe pampu yake ya pumu mwenyewe. Nikamjibu kwamba mtu aliyepoteza viatu viwili vya mguu wa kushoto katika muhula mmoja hawezi kukabidhiwa pumzi yake. Betri akasema kile cha pili hakukipoteza, kilimkimbia. Tukacheka wote. Nikaitia pampu mkobani mwangu, nikafunga zipu, nikajiona mama makini.

Kwenye jiwe la thelathini na moja njia inagawanyika. Ya juu inapita mgongoni mwa kilima, ndiyo waliyokimbia matarishi. Ya chini inazunguka bondeni, ilikuwa ya punda. Zinakutana tena kwenye jiwe la thelathini na tatu. Nilikaa juu ya lile jiwe nitoe kokoto kiatuni, nikawaambia watangulie polepole. Sikusema njia ipi. Nilipoinua kichwa hawakuwepo. Nikaona alama za viatu zinaelekea bondeni, nikazifuata. Hazikuwa zao.

Baada ya nusu saa nilifika thelathini na tatu. Kimya. Niliita hadi sauti ikakwaruza. Simu zilikuwa hazishiki mtandao tangu jana yake. Nikajiambia wamebaki nyuma, kifua kimembana, nikarudi mbio kwa njia ile ile ya bondeni. Kwenye thelathini na moja hapakuwa na mtu. Basi tumepishana, nikasema, nikageuka tena. Mkoba ulinipiga ubavuni kila hatua, na kila ulivyonipiga nilisikia ile pampu ikigonga chupa ya maji.

Safari hii ya pili kwenye thelathini na tatu nilimkuta mwanamke anafyeka nyasi kando ya njia. Alisema alinisikia pale mwanzo akiwa mteremkoni, lakini alidhani Betri ni mbwa. Nikamuuliza kama ameona watoto. Akasimamisha fyekeo.

"Binti na mvulana? Walifika hapa wewe umeshaondoka. Wamerudi walikotoka, kwa juu. Yule mdogo alikuwa ameshika kifua."

Hata ahsante sikusema. Nilikipanda kile kilima kwa mikono na miguu, na ni hapo katikati ya kupanda ndipo nilipoelewa. Walipokuwa wadogo niliwafundisha sokoni: ukipotezana na mimi, rudi pale uliponiona mwisho, ukae, usihame. Nilikuwa nawauliza sheria hiyo hadi kitandani. Watoto wangu walikuwa wanatii. Betri alikuwa anapanda kilima mara ya pili, bila dawa, akifuata sheria yangu, ili akanikute kwenye jiwe ambalo mimi nilishalikimbia.

Niliwasikia kabla sijawaona. Nilisikia ule mluzi wa kifua chake. Alikuwa ameketi ameinama mbele, viganja magotini, midomo imebadilika rangi. Wakili alikuwa nyuma yake anamhesabia: vuta, moja, mbili, toa. Sauti ya binti yangu ilikuwa tulivu, machozi yanamtiririka kama ya mtu mwingine.

Zipu ikang'ata kitambaa. Naapa, zipu niliyoifunga mwenyewe haikufunguka. Wakili akaninyang'anya mkoba, akaupasua mfuko wenye zipu kwa meno, akamwekea mdogo wake pampu mdomoni. Akavuta. Akavuta tena. Tukakaa tunamtazama kifuani mpaka ule mluzi ukapungua na yeye akaomba maji.

Ndipo Wakili akanigeukia.

"Sheria ni yako, mama. Kwa nini hukukaa?"

Nilimwambia ukweli. Nilidhani ni ya watoto.



Pale pale nilikata mkanda wa mkoba, nikaufungia pampu, nikamvika Betri shingoni. Mama mwenzangu, dawa ya mtoto ikae kwa mtoto. Ukiogopa ataipoteza, beba ya akiba. Na mkiachana njiani, wewe ndiye wa kwanza kukaa chini, hata roho ikikuambia kimbia.

Siku ya nne alitembea mbele yangu. Kila baada ya hatua chache nilitazama kama mkanda bado uko shingoni. Ulikuwepo. Nami mkono ulikuwa haubanduki kwenye ule mfuko uliopasuka, unapapasa, unatafuta kitu ambacho hakimo.