Urefu wa Wodi ya Nne

Saa moja kasorobo asubuhi, sista wa wodi ya nne alipokea funguo za kabati la dawa, akakaza kamba za viatu. Ratiba ilionyesha wauguzi watatu. Mmoja alikuwa mgonjwa, wa pili alihamishwa na nafasi yake haikujazwa. Kwa hiyo wodi ilikuwa imerefuka.

Haikuwa habari mpya. Kila muuguzi akikosekana, wodi hujinyoosha. Muuguzi akiwa peke yake, kutoka mezani hadi kitanda cha mwisho, cha ishirini na nane, ni mwendo wa dakika arobaini. Siku hiyo, Jumanne, mzee wa kitanda hicho aliinua mkono kuomba msaada. Sista alimwona, akatoka mbio. Alipofika, mzee alikuwa ameshakata roho.

"Alikuona, sista," jirani wa kitanda alimwambia, bila lawama. "Alisema, 'Yule pale, anakuja.'"

Jioni hiyo alikwenda kwa shemeji yake, mpima barabara, akaazima gurudumu lake la kuhesabia mita.

Alhamisi akaja bwana mmoja nadhifu kutoka makao makuu, kupima ubora wa mazingira ya kazi ya wauguzi wa zamu. Fomu yake ilikuwa na maswali thelathini: mwanga, hewa, usafi, uhusiano na wakubwa.

"La urefu liko wapi?" sista aliuliza.

"Halipo, dada."

"Basi tutaliandika. Shika hili gurudumu, kaka. Twende."

Wakaenda. Sista alibadilisha dripu, akageuza wagonjwa, akafunga vidonda, kisha akamfikia tena bwana na gurudumu lake. Kwenye kitanda cha kumi na mbili bwana alivua tai. Kwenye cha kumi na tisa aliketi.

"Bado mbali?"

"Pumzika tu. Mimi nina dawa ya saa nne."

Aliporudi alimkuta amesimama, anasukuma. Mgonjwa mpya wa kitanda cha mwisho aliwakaribisha kwa adabu. "Nimewaona tangu wakati wa chai," alisema.

Bwana aliandika kwa mkono wake: kilomita mbili na mita mia sita. Sista akasubiri mpaka akatia saini.

Ripoti ilifika baada ya mwezi. Kwenye kipengele cha nafasi ya kufanyia kazi, wodi ya nne ilipata alama tano kati ya tano, ya kwanza katika hospitali nzima. Wauguzi wawili waliokosekana hawakutajwa. Kwa kuwa nafasi ipo tele, barua iliendelea, wodi itaongezewa vitanda kumi.

Vitanda vililetwa Jumatatu asubuhi. Sista aliwaonyesha wapagazi njia, nao wakarudi mchana.

Kesho yake alifungua daftari la makabidhiano, chini ya safu ya vipimo vya joto la wagonjwa akapiga mstari kwa rula, akaandika: "Urefu wa wodi leo: kilomita tatu na mita mia nne. Wauguzi: mmoja." Akaacha nafasi ya wa zamu ya mchana kujaza, akachukua trei, akaanza kutembea.